Maziwa ya Mama Dafroza

Sinywi maziwa. Nimefanya kazi kwa watu wengi na nimelala katika nyumba nyingi kuliko ninavyoweza kuzikumbuka, na karibu kila mahali kuna asubuhi ambapo mtu mwema huniwekea kikombe mbele, nami nakisogeza pembeni. Huuliza kama ni tumbo. Nasema ndiyo, tumbo, kwa sababu jibu hilo ni fupi. Lakini si tumbo. Ni hasira, na imekaa ndani yangu hadi nimeizoea kama mtu anavyozoea jino bovu, akajifunza kutafunia upande wa pili.

Mwezi uliopita nilikuwa Tabora mjini, nimepanga chumba mtaa wa Cheyo, asubuhi nakaanga mihogo na jioni nazungusha asali ya watu. Nilikuwa nimemaliza miezi minne mahali pamoja, na kwangu huo ni uzee. Mdogo wangu Deo akanipigia simu kutoka Ulyankulu. Akasema, "Dada, Mama Dafroza ametutoka," kisha nikamsikia analia. Deo ni baba wa watoto watatu, ana shamba lake na ng'ombe wake, na sikuwa nimemsikia akilia tangu tulipomzika mama yetu. "Utakuja?" akauliza. Nikasema nitakuja. Mimi sikulia. Nilibaki nimekaa kwenye kigoda changu, mafuta yanaungua mbele yangu, na harufu iliyonijia haikuwa ya mafuta wala mihogo. Ilikuwa harufu ya maziwa ya kibuyu, yale yenye moshi kidogo, pamoja na utomvu wa tumbaku mbichi. Harufu hizo mbili ndizo utoto wangu. Sijawahi kukumbuka moja bila nyingine kuja nyuma yake.

Wazazi wetu walikuja Tanzania wakikimbia Burundi, wakapewa pori la miombo huko Ulyankulu, wakalifyeka, wakalifanya shamba. Waliolima mahindi na maharage walikula. Waliolima tumbaku walijenga nyumba za bati. Baba yetu alifariki kabla hajafikia tumbaku, kwa hiyo kila msimu wa kuchuma mama alikwenda kibarua kwa Baba Dafroza, aliyekuwa na shamba lililopanda mpaka kilimani na mabani matatu, yale majumba marefu ya udongo ambamo majani hukaushwa kwa moto wa kuni siku kadhaa. Msimu niliokuwa darasa la tano, mama alitwambia mimi na Deo tuende naye, kwa wiki mbili tu. Wiki mbili zile hazijaisha hadi leo, maana sikurudi tena darasani. Deo alikuwa na miaka minane.

Majani ya chini ndiyo hukomaa kwanza, na mtoto hahitaji kuinama kuyafikia. Baba Dafroza alikuwa akipita kwenye matuta, anatuwekea kiganja kichwani, anasema, "Mungu alimpima mtoto kwa tumbaku." Wakubwa walicheka. Mimi niliamini kabisa. Niliona kwamba mmea ule ulikuwa umetengenezwa kwa ajili yetu, na kwamba watu wazima waliokuwa wakiumwa viuno walikuwa wameingia katika kazi ya wenyewe. Nilijisikia mtu muhimu.

Bani hujazwa kwa siku moja. Ukilijaza nusu leo na nusu kesho, majani hayakauki sawa na unakuwa umeharibu yote. Ndiyo maana tulianza alfajiri, wakati kila jani limebeba umande wake kama sahani, na hatua kumi tu ndani ya tuta nguo zilikuwa zimelowa mpaka kwenye ngozi. Mikono iligeuka myeusi kwa utomvu. Jua likipanda kidogo, kichwa kinaanza kuzunguka, mate yanajaa mdomoni, halafu mtoto mmoja anapiga magoti na kutapika. Watu waliita kulewa tumbaku. "Huyu kaanza kunywa mapema leo," vibarua walitania, "na hata kilabu hakijafunguliwa."

Hapo ndipo alipokuja Mama Dafroza, mke wa mwenye shamba. Alikuwa mama mnene, mpole, mwenye mwendo wa taratibu, na alikuja na kibuyu chake begani na kikombe cha bati, cheupe, ukingo wa bluu, kimebanduka rangi upande mmoja. Alimwinua mtoto aliyetapika, akamfuta mdomo kwa ncha ya kitenge chake mwenyewe, akamkalisha kwenye kivuli cha bani. "Pole, mwanangu. Kunywa yote. Maziwa yanaua sumu." Alisubiri hadi umalize. Alikushika shingo kwa nyuma, vidole vyake vikiwa na baridi ya kibuyu. Mama yangu alikuwa anatupenda, lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hana vidole vya namna ile. Sitaki kudanganya katika jambo hili. Katika utoto wangu wote hakuna aliyenigusa kwa upole kama mama yule.

Kisha mtoto alirudi tutani.

Maziwa alipewa aliyetapika. Asiyetapika hakupewa, maana hakuwa na sumu ya kuuliwa. Sisi watoto tulilielewa hili haraka, na tukaanza kutapika kwa bidii. Yupo aliyetapika kwa kweli na yupo aliyejisaidia kwa kidole. Mimi nilikuwa fundi. Tumbaku haikunishika sana, lakini nilijua kwenda pembeni, kuingiza kidole na kupiga kelele za kutosha. Kikombe kikija, nilinywa funda moja mbele ya Mama Dafroza, na akigeuka nilimpelekea Deo. Deo alikuwa mwembamba na tumbaku ilimpenda. Alitapika kila siku. Kwa hiyo alipata kikombe chake, akapata na changu.

Nilikuwa nimepiga hesabu yangu ya kitoto. Kama kikombe kimoja kinaua sumu ya siku moja, viwili vinaweka akiba. Nilimwona mdogo wangu kama mtu aliyevaa koti la mvua. Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, watoto walikuwa wanakwepa matuta ya bondeni, ambako majani yalikuwa yanachuruzika maji. Mimi nikamwambia Deo, "Nenda wewe. Una maziwa mawili ya jana. Haikupati." Alinitazama, akaamini, akaingia. Nilikuwa namtendea wema. Nilikuwa nimeunyima mdomo wangu nikampa yeye, na sasa nilimpa hata tuta lenye majani mazuri zaidi.

Tulimkuta amelala kifudifudi. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu na macho yamegeuka. Vibarua walimbeba hadi kwenye bani, na Mama Dafroza alikuja akikimbia, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Akampakata, akaanza kumimina maziwa mdomoni. Maziwa yalitoka puani. Deo akapaliwa. "Ongeza," watu walisema, "sumu ni nyingi leo." Na mimi nikasema pia, ongeza.

Shangazi Melania alitokea nyuma yetu. Huyu alikuwa dada wa marehemu baba, naye alifanya kibarua palepale, akifunga majani kwenye vijiti. Hakuwa mtu wa kupendwa. Hakusalimia vizuri, hakumpa mtoto hata muwa, na alipocheka watu walijiuliza nani ameumia. Akamnyang'anya Mama Dafroza kile kikombe, akamwaga maziwa chini.

Sijui kama kila msomaji ataelewa uzito wa jambo lile. Sisi ni watu wa ng'ombe tangu huko tulikotoka. Maziwa hayamwagwi mbele ya aliyeyatoa. Ni zaidi ya kumtemea mate usoni, ni kama kumwombea ng'ombe wake wafe. Mama Dafroza alishika kifua. Mama yangu akasema kwa sauti ndogo, "Wifi, umefanya nini?"

"Nimemwaga maziwa," shangazi akasema. "Na wewe unamwaga mtoto. Leteni maji na sabuni."

Akamvua Deo zile nguo zilizolowa, zote, mbele za watu. Akamsugua kwa sabuni ya kufulia kuanzia shingoni hadi nyayo, kwa ukali, kama anayesugua sufuria. Akamfunga kwenye kitenge kikavu na kukaa naye mbali na majani, na alipotapika alimgeuza ubavu bila kumwambia pole hata moja. Jioni Deo alifumbua macho akaomba uji. Kesho yake alikuwa anatembea.

Kesho yake hiyo, alfajiri, shangazi alisimama kwenye njia ya kuingilia shamba, ameshika mchi wa kinu. "Mkubwa apite," alisema. "Mtoto asubiri umande ukauke."

Baba Dafroza alikuja. Alianza kwa kucheka. "Melania, bani litajazwa na nani, na wewe?"

"Lijaze na mkeo. Ana mikono laini, majani yatafurahi."

"Shamba ni la nani?"

"Lako. Na watoto ni wa kaka yangu. Jaribu kupita."

Hakujaribu. Lakini siku ile bani halikujaa, na jioni vibarua walirudi wakimtukana shangazi, si Baba Dafroza. Watu walisema ana wivu, kwa kuwa hakuzaa. Walisema mtu anayemwaga maziwa atashindwaje kumwaga riziki ya wenzake. Alisimama pale asubuhi nne. Mama alimbembeleza. Alimwambia, "Wifi, unatuaibisha, tutakula nini?" Shangazi akamjibu, "Mtakula saa nne badala ya saa moja."

Na mimi nilimchukia. Hili ndilo linalonichoma. Katika asubuhi zile nne, tulipoingia shambani umande umekwisha, hakuna mtoto aliyetapika. Hata mmoja. Na kwa kuwa hakuna aliyetapika, Mama Dafroza hakuja na kibuyu. Nilikaa natazama njia ya nyumbani kwake, koo limekauka, na nilijua wazi ni nani aliyeninyima maziwa. Ni yule mwanamke mwenye mchi. Siku ya nne nilimrushia jiwe. Lilimpata begani. Aligeuka, akaniona, akarudi kutazama njia.

Wazee wakakaa kikao. Walimtaka shangazi aombe radhi kwa maziwa aliyomwaga, apeleke pombe, yaishe. Akawauliza kama umande nao wameuita kwenye kikao. Basi akatengwa. Hakuna aliyempa kazi wala moto wa kuwashia jiko. Akafunga mzigo wake, akaenda Tabora, akafua nguo za watu mpaka alipofariki, na siku ya kumzika tulikuwa watu saba, pamoja na mchimba kaburi. Sisi tulirudi kwenye majani mabichi, tukarudi kutapika, na kibuyu kikarudi. Nilifurahi. Nakumbuka wazi jinsi nilivyofurahi.

Tangu nilipokuwa mkubwa nimezunguka sana, na mtu asiye na shule huuliza maswali kila mahali kwa sababu hana pengine pa kuyapeleka. Nimeuliza mpaka manesi, na wote wamenijibu kitu kilekile: sumu ya tumbaku mbichi hupitia kwenye ngozi, hasa ikilowa, na maziwa hayaiui. Maziwa yalikuwa maziwa tu. Kilichotakiwa ni nguo kavu, sabuni na saa tatu za jua. Jua ni la bure.

Nilimwuliza pia Mama Dafroza mwenyewe, nilipopita kwake miaka mingi baadaye. Alikuwa amezeeka, akanikaribisha, akanimiminia kikombe, nikakisogeza pembeni. Nikamwuliza, "Mama, hukuwahi kumwambia Baba asubiri jua?"

Akashangaa kweli, wala hakukasirika. "Mwanangu, mambo ya shamba yalikuwa ya baba yenu. Mimi nilifanya nililoweza."

Nimelibeba jibu lile kila nilipokwenda. Alilala kitanda kimoja na mtu aliyeamua saa ya kuanza kazi. Alikuwa na sauti tamu kuliko wote, na hakuitumia hata alfajiri moja kumwambia mumewe, "Baba Dafroza, acha watoto walale kidogo." Badala yake alikamua ng'ombe. Nje kidogo ya Tabora, kwenye ile njia ya zamani ya misafara ya watumwa, mzee mmoja aliniambia kwa fahari kwamba bibi wa bibi yake alikuwa akiwapa maji watu waliopitishwa pale wamefungwa shingo kwa shingo. Nikamwuliza, na aliyeshika mnyororo, alimpa nini? Akafikiri. Akasema naye alipewa maji, mgeni ni mgeni. Alidhani namsifu.

Nilifika Ulyankulu siku ya maziko. Watu walijaa mpaka barabarani. Katekista alishika kile kikombe cha ukingo wa bluu, akakiinua juu, akasema dunia haibadilishwi na wakubwa, inabadilishwa na kikombe kimoja kimoja, na kila mmoja wetu akitoa chake itakuwa mbingu. Watu wakaitikia amina. Niliwatazama waliokuwa wakilia. Nusu yao walikuwa watoto wa matuta yale. Kama vikombe vingebadilisha dunia, basi Ulyankulu ingekuwa imebadilika kabla sijaota meno ya utu uzima, maana vilitolewa vingi. Nilitaka kusimama niseme. Deo alinishika mkono, akidhani nimezidiwa na majonzi.

Kikombe alipewa yeye. Familia ilisema ndiye aliyekipenda zaidi. Jioni, jua likiwa bado halijazama, tulikaa uani kwake na akakitundika kwenye msumari karibu na mlango, akarudi nyuma kukitazama.

"Unajua, dada," akasema, "hata mimi watoto wa vibarua wangu nawapa. Sijawahi kumnyima mtoto maziwa. Nilijifunza kwa Mama Dafroza."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Watoto wangapi?"

"Sita. Na Anjela wetu." Anjela ni binti yake mkubwa, ana miaka tisa, alikuwa palepale anachambua maharage. Nikamtazama vidole. Vilikuwa vyeusi.

"Mnaanza saa ngapi, Deo?"

"Alfajiri. Bani lazima lijae, wewe mwenyewe unajua."

"Wanatapika?"

Akacheka kidogo. "Si watoto? Wanalewa, wanakunywa maziwa, wanaendelea. Mimi si nilipona?"

"Ulipona kwa sababu Shangazi Melania alikusugua kwa sabuni."

"Yule aliyemwaga maziwa?" Uso wake ukakunjamana. "Dada, usiniletee habari za yule kwenye msiba wa mama yangu."

Nilimwambia yote, pamoja na kidole changu, vikombe viwili na lile tuta la bondeni nililomtuma mimi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema ulikuwa utoto, amenisamehe, na kwamba kesho nisiwahi kuamka, nipumzike, nimetoka safari. Mdogo wangu ni mtu mwema. Dunia imejaa watu wema.

Niliamka kabla yake. Mchi ulikuwa umeegemezwa ukutani jikoni. Nikasimama kwenye njia ya shamba, miguu imelowa, na watoto wakaja wamejifunika khanga za mama zao. Nikawaambia wakae chini. Mama mmoja kibarua akanitazama toka juu mpaka chini. "Huyu si ndiye mgeni wa msiba? Mwacheni, kesho atapanda gari atutoke, kama kawaida yake." Wakacheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Kila nilipoona kosa, maisha yangu yote, nilifunga mzigo.

Deo akaja mbio. "Dada, unafanya nini?"

"Nasubiri jua."

"Bani halitajaa."

"Halitajaa."

"Unaniharibia, unajua? Mimi nilikulilia uje."

"Najua. Jaribu kupita."

Hakujaribu. Jua lilichukua muda wake. Mtoto mmoja mdogo aliuliza kama maziwa yatakuja, nikamwambia kama hakuna atakayetapika hayatakuja. Wote saba walinigeukia kwa macho niliyoyatambua.

Hii ni wiki ya tatu. Chumba cha Cheyo nimeshakipoteza. Deo hanisalimii, wazee wameanza kutumana, na sijui nitafukuzwa lini. Kila asubuhi nasimama pale mpaka nikipitisha kiganja juu ya jani kinatoka kikavu, ndipo naondoka njiani. Hakuna mtoto aliyetapika. Jana, nikiwa nimegeuka kuchungulia majani, jiwe lilinipata mgongoni. Nilipotazama nyuma, Anjela alikuwa bado ameinua mkono. Ananichukia kwa moyo wake wote, na ana afya ya kunichukia. Naomba aishi na chuki hiyo mpaka azeeke.